Kabla Hujatuonyesha Picha ya Jiko Unalolitaka

Wateja wengi wanaingia karakana yetu ya makabati ya jikoni simu ikiwa tayari mkononi. Picha zenyewe zinafanana: makabati meupe yasiyo na vishikio, kaunta kubwa iliyosimama peke yake katikati ya chumba, taa tatu zinazoning'inia, na juu ya kaunta hakuna kitu zaidi ya bakuli la malimau. Ni picha nzuri, hatuna ubishi. Ila kabla hatujatoa futi kupima ukuta, tunamuuliza mwenye nyumba swali moja: humo nazi itakunwa wapi?

Wapo wanaocheka. Wapo wanaosema siku hizi wananunua tui la pakti, nalo ni jibu tosha, tunaliandika. Lakini wengi wanatulia kidogo, kisha wanaanza kueleza. Mbuzi inawekwa chini karibu na mlango, kinu kiko uani, sufuria la pilau la Idi linakaa juu ya friji maana halina pengine pa kukaa, na anayepika si mtu mmoja. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Jiko la makabati yaliyounganishwa, hili ambalo kila mtu analiita la kisasa, lina asili yake. Mwaka 1926 msanifu majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za bei nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Upana wake ulikuwa mita 1.9 hivi na urefu mita 3.4, na yakajengwa kama 10,000 ya namna hiyo. Wazo moja aliliazima kwenye behewa la chakula la treni, ambako mpishi anafikia kila kitu bila kutembea. Mama huyu alikuwa na jicho la vitu vidogo. Droo za unga alizitengeneza kwa mbao za mwaloni ili wadudu wasiupende unga, jambo ambalo yeyote aliyewahi kufungua ndoo ya unga hapa Dar es Salaam akakuta fukusi ataliheshimu.

Tatizo ni kwamba jiko lile lilipimwa kwa mtu mmoja anayepika peke yake. Mengi unayoyaona kwenye simu ni wajukuu zake. Kwetu, Jumapili saa tano asubuhi, jikoni yupo mama, yupo dada anayemenya vitunguu, yupo shangazi aliyepita kusalimia tu na sasa anachambua mchele, na mtoto naye anakuja kufuata maji ya kunywa. Ukiwaweka wote kwenye njia ya sentimita 90 kati ya kaunta na kaunta, mmoja akiinama kufungua oveni wengine wanasubiri. Sisi tunaacha 120. Chumba kisipotosha, kinachoondoka ni ile kaunta ya katikati, na hapo ndipo tunapovutana na wateja. Kwenye chumba cha mita tano inapendeza kweli. Kwenye chumba cha mita tatu ni kikwazo kilichovishwa graniti.

Kimo nacho kina maneno yake. Makabati yanayouzwa tayari yana sentimita 90 hivi kutoka sakafuni hadi juu ya kaunta, na kwa kukatia mboga watu wengi hawapati shida. Sasa weka juu yake jiko la gesi la mezani, juu ya jiko uweke sufuria la ugali wa watu wanane, kisha shika mwiko. Mikono inakuja usawa wa mabega, na ugali hausongwi kwa kubembeleza, unasongwa kwa kukandamiza kutoka juu. Ndiyo maana upande wa moto tunaushusha, mara nyingi hadi sentimita 70 au 75, na tunayempima ni mpishi mwenyewe, akiwa amesimama na ndala zake. Mwenye kulipa mara nyingi ni baba mwenye nyumba. Tunamheshimu sana, ila yeye hasongi.

Malalamiko tunayoletewa kuliko yote ni ya kabati lililovimba. Lilifungwa na fundi mwingine, mwaka haujaisha, mlango wa chini ya sinki umetuna pembeni, karatasi yake imebanduka, na bawaba zimeanza kung'oka kwa sababu skrubu hazina tena pa kushika. Mteja anaamini ameuziwa bodi feki. Tukiikagua tunakuta mara nyingi ni MDF halali kabisa, iliyowekwa pasipo pake.

MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikabanwa kwa joto. Uso wake uliofunikwa ukimwagikia maji, unafuta, basi. Ukingo uliokatwa na msumeno ukaachwa wazi unanyonya maji kama mkate kwenye chai, na ukishavimba haurudi. Kingo za namna hiyo zimejaa pale pasipoonekana: tundu la sinki, tundu la bomba, nyuma ya kabati, chini ya kabati.

Hilo la chini ndilo linalosahauliwa. Nyumba zetu zinadekiwa. Kila asubuhi maji ya ndoo yanapita sakafuni, na kabati lililokaa moja kwa moja juu ya sakafu linanywa kidogo kidogo, siku zote za mwaka. Makabati ya kwenye picha yako yalibuniwa kwa nyumba ambazo sakafu yake inapitishiwa kitambaa tu. Ongeza na unyevu wa hewa ya pwani, na miezi ya masika ambayo hata chumvi inalowa kwenye kikopo.

Kwa hiyo sisi tunaanza na zege. Tunajenga kitako cha sentimita 10, tunakivisha marumaru, na tunakirudisha ndani kidogo ili vidole vya miguu vipate nafasi unaposimama karibu na kaunta. Boksi la sinki tunalitengeneza kwa marine board, yaani bodi ya mbao inayostahimili maji, hata kama makabati mengine yote ni MDF. Tundu la sinki tunalipaka silikoni kwenye ukingo mzima kabla sinki halijakaa. Hata kama kazi hii utampa fundi mwingine, mwambie akuonyeshe lile tundu kabla hajalifunika. Ukingo wake ukiwa hauna silikoni, msimamishe.

Kuhusu mbao halisi, mninga na mkongo bado ndizo tunazoziamini kwa milango na fremu. Hazichezi ovyo, na mchwa hazipendi. Bei yake imepanda, na hatumlaumu mteja anayechagua msaji wa mashamba ya Longuza kule Muheza au ya Mtibwa mkoani Morogoro. Ni mbao nzuri ikiwa imekauka, na hilo "ikiwa" ndilo linaloamua kazi itachukua muda gani. Mbao mbichi itafungwa leo ikiwa imenyooka, na baada ya miezi michache mlango utagoma kufunga. Tukikwambia subiri, usidhani hatuna nafasi ya kukufanyia kazi. Mbao zako ziko kivulini, zimepangwa na vijiti katikati, hewa inapita.

Gesi tuizungumze kwa ufupi lakini bila mzaha. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na kweli karibu kila jiko tunalochora sasa lina mtungi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini, haipandi. Mtungi uliofungiwa ndani ya kabati lisilo na matundu chini ni hatari, hata kabati liwe zuri namna gani. Tunapenda mtungi ukae nje, bomba lipite ukutani. Ikishindikana, matundu ya kabati yanakuwa chini, na hatukubali kuyaziba eti yanaharibu sura. Na kama bado unawasha mkaa kwa ajili ya maharage au samaki wa kuchoma, tuambie bila aibu. Tutakuchorea mahali pa moto uani penye paa na upepo. Kinachotutisha ni mteja anayeficha, kisha anakuja kuwasha mkaa ndani ya jiko jipya madirisha yakiwa yamefungwa.

Sasa milango, na hapa lazima nitaje watu wengine, maana karakana yetu haifanyi kila kitu. Fremu na droo tunatengeneza wenyewe. Vitu vya kuchongwa tunapeleka kwa wachongaji wa Mwenge. Kuna kazi nyingine tunazigawana na wenzetu wa Keko, ambao kwa fanicha jiji hili linawajua. Na kwa mteja asiyetaka milango myeupe kama ya hospitali, tunaita wachoraji wa tingatinga, ile michoro ya wanyama na ndege ya rangi kali.

Watu wanadhani tingatinga jikoni ni pambo tu. Lakini fikiria ilivyoanza. Edward Saidi Tingatinga alipokuwa anachora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora juu ya vipande vya bodi ngumu kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika pale Oysterbay. Rangi hiyo ikikauka vizuri inafutika kwa kitambaa na sabuni. Mafuta ya kukaangia yakiruka, unafuta. Ukiniuliza mimi, mlango wa namna hii unavumilia jikoni kuliko milango mingi ya karatasi ya kubandika. Sharti letu ni kwamba usikae ubavuni kwa moto, kwa sababu joto la kila siku linapasua rangi.

Mchoraji mmoja tunayefanya naye kazi hagusi brashi mpaka aonyeshwe kishikio kitatobolewa wapi. Kwenye jiko moja la Kigamboni alipanga kanga watatu kukizunguka kishikio cha mbao cha duara, akakipaka rangi ya chungwa, kikawa tunda wanalolidonoa. Alichora rangi moja kwanza kwenye milango yote, akaiacha ikauke, ndipo akaja na ya pili. Mteja alikuwa anapiga simu kila jioni. Rangi ya mafuta haijui simu.

Bei ya mchoro anaipanga mchoraji, sisi tunaiandika kwenye makadirio kama ilivyo, na jina lake linabaki kwenye kona ya mlango. Wapo wanaotuletea picha ya kazi ya mtu na kutaka tuichapishe kwenye stika, tubandike, yaishe kwa bei ya stika. Hatufanyi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya msanii, lakini hata isingekuwepo, yule mchoraji ni mtu tunayekunywa naye kahawa. Na kuna faida yako hapo. Mlango ukikwaruzwa na watoto, aliyeuchora yuko daladala mbili kutoka kwako, na anakumbuka alichanganya nini na nini kupata ile bluu.

Watu wa namna hii hatukuwapata kwa tangazo. Tulianza kwenda kwenye maonyesho ya Nafasi Art Space, Mikocheni, mahali palipoanza mwaka 2008 na ambapo wasanii wana studio zao ndani ya makontena. Unasimama mbele ya kazi, mwenyewe yuko pembeni, mnaongea. Sisi nasi tunafungua karakana Jumamosi moja kila mwezi. Wanakuja wachoraji kuokota vipande vya bodi vilivyobaki, wanakuja vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaotafuta mahali pa mazoezi, anakuja na mama anayesuka ukili ambaye sasa tunajaribu naye milango ya kabati la stoo, ili vitunguu na viazi vipate hewa. Wateja nao wanakaribishwa. Mtu akiona droo ikiwa haijafungwa nyuma, anaelewa bei yake haraka kuliko tungemweleza kwa maneno.

Ukija, picha ya simu njoo nayo, tutaitazama pamoja. Lakini pima na vitu hivi: upana wa sufuria lako kubwa kuliko yote, kimo cha mtungi wako wa gesi, na umbali kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha anayepika. Mbuzi ya nazi kama unayo, ilete pia. Ikikunjwa inaingia kwenye droo ya chini, ila zipo za miguu mirefu, na kwa hizo tunaiongezea droo sentimita tano.