Mbona tunachaji siku sita kuunganisha websaiti na sistimu ya stoki

Wiki jana mteja ametuandikia WhatsApp eti tumemkula pesa, tumemchaji siku sita na mpwa wake angemaliza hiyo kazi jioni moja na plagini, kile kiprogramu cha kuunganisha, ya bei rahisi. Si wa kwanza, kila mwezi lazima mtu atuambie hivyo, na inaniuma kwa sababu najua vile vijana wangu wamekesha na kazi yake.

Ni kweli plagini inawekwa haraka. Duka la mtandaoni kama WooCommerce au Shopify, na sistimu ya stoki na hesabu kama Odoo au QuickBooks, viunganishi viko, unaweka funguo (zile nywila za kuziruhusu ziongee), unabonyeza, inawaka kijani. Lakini hizo sistimu mbili zinajuana kwa SKU peke yake, ile namba ya bidhaa, sasa kama dukani uliandika BBW-01 na kwa websaiti ni bbw 1, kwa kompyuta hizo ni bidhaa mbili. Plagini nyingi hapo zinakutengenezea bidhaa mpya na hazikuulizi.

Kuna mama wa Biashara Street anauza vitu vya watoto, alikuja kwetu baada ya fundi mwingine kubonyeza sawazisha zote Ijumaa jioni akaenda zake. Jumatatu bidhaa 950 zilikuwa zimekuwa 1,900, zile mpya zinauzwa na stoki haishuki popote. Vigari vya kusukuma watoto vilikuwa vimebaki 3 kwa rafu, websaiti ikauza 11, zote zimelipwa M-Pesa. Nilimkuta ameketi juu ya boksi la pampasi na karatasi ya majina, anapigia watu mmoja mmoja kuomba msamaha, na baba mmoja wa Kitengela bibi yake alikuwa ameshaingia leba. Kusafisha ilituchukua siku tisa maana zile oda zilikuwa zimeshatoa risiti, na risiti ikishaingia eTIMS, ile sistimu ya risiti ya KRA, hufuti, unaandika krediti noti, hati ya kufuta mauzo, moja baada ya nyingine. Alilipa fundi wa kwanza, akatulipa sisi, na hao wateja wa vigari sidhani walirudi.

Halafu Excel, jamani. Jamaa wa spea Kirinyaga Road alitoa orodha yake kwa sistimu, akaifungua na Excel aangalie tu, akasevu. Zile sifuri za mbele zote zikaenda, filta 004512 ikawa 4512, na 4512 iko, ni filta ya gari lingine kabisa! Barkodi nazo, hizi zetu za Kenya zinazoanza na 616, zinageuka 6.16E+12 mstari baada ya mstari, na ukishasevu hivyo kama CSV, ile faili ya orodha ya maandishi matupu, namba zenyewe hazirudi.

Bei pia. Kitu cha 1,160 kikiwa na VAT ya 16% ndani, sistimu ikisoma kama VAT haijaingia, mteja anaonyeshwa 1,345.60 na anadhani wewe ni mwizi.

Kwa hivyo kwa zile siku sita, nne tunakaa na storekipa wako na orodha, mstari kwa mstari, tukiuliza hii ni nini na hii je. Siku ya tano tunajaribu na bidhaa kumi kwa nakala ya websaiti, si ile wateja wanaona, tunanunua, tunalipa, tunarudisha, tunaangalia stoki imeshuka na kupanda. Ya sita tunaunganisha, na tunabaki tukiangalia, kwa sababu WooCommerce ina ile kengele inayoiambia sistimu oda imeingia, na ikikosa kupokelewa mara tano mfululizo inajizima yenyewe. Stima zikipotea dukani na seva yako iko hapo chini ya kaunta, stima zitarudi lakini kengele haitarudi, na utauza siku tatu ukidhani mambo yako sawa. Mpwa hataangalia hiyo, ameenda shule.

Huyo mteja wa wiki jana nimemtumia faili yake, mistari 312 tuliyorekebisha imepakwa nyekundu, aipitie na storekipa wake. Bei hatujapunguza.

Na wewe ukitaka kotesheni, tutumie orodha vile imetoka kwa sistimu. Usiifungue kwanza.