Risala ya Wahitimu wa Ufundi Sanifu wa Barabara kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na wahitimu wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kwa ruhusa yako tutazungumzia jambo moja: uwezo wa barabara hupimwa pale inapobana, na mjini haibani panapobana kijijini.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, zaidi ya 3,800 kwa kila kilomita ya mraba. Lindi ni kama 18 tu. Anayegawa fedha za barabara kwa kutazama tarakimu hizo peke yake atakosea huku na huku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mjini barabara hubana kwenye makutano. Njia moja isiyo na kizuizi hupitisha magari 1,800 na zaidi kwa saa. Kwenye taa mambo hubadilika. Tuseme mzunguko mzima wa taa ni sekunde 120, na kijani ni 40. Sekunde 4 za mwanzo huishia kwenye kuweka gia na kuondoka. Zilizobaki 36 hupitisha gari moja kila sekunde 2: magari 18 kwa mzunguko, 540 kwa saa. Ukiongeza njia kabla ya taa na makutano ukayaacha yalivyo, umepanua mahali pa kusubiria foleni tu.

Daladala ikisimama hatua chache baada ya taa kwa sekunde 15 wakati wa kijani, magari 7 hayavuki. Kondakta tusimlaumu, kituo kimewekwa hapo hapo. Kisogezwe mita 60 au zaidi mbele, kiwe na mchepuko wa basi kuingia. Naye askari akizuia upande mmoja dakika 10, huku magari 15 yakifika kila dakika, 150 yatajipanga. Kila gari likichukua mita 7, kwenye njia mbili foleni hupita nusu kilomita, hufika makutano ya nyuma na kuyafunga pia.

Ndiyo maana tunapenda kuhesabu watu kuliko magari. Yale magari 540, kila moja likiwa na mtu mmoja au wawili, hubeba kama watu 800. Basi refu la mwendokasi lenye abiria 140, likipita moja kila mzunguko, hupitisha 4,200 kwa saa.

Kijijini Lindi hakuna foleni, kuna masika. Barabara ya changarawe yenye upana wa mita 6 inatakiwa iinuke katikati sentimita 15 kuliko kingo. Mara nyingi greda huacha tuta la udongo ukingoni, maji yakakosa pa kutokea kwenda mtaroni, yakafuata mikwaruzo ya matairi na kuchimba makorongo. Kalavati la milimita 600 huziba kwa matope na ni tabu kulizibua. La 900 mtu huingia na koleo. Huko fedha ziende kwenye mitaro na makalavati, si kwenye upana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba chuo kipatiwe vihesabio vya mkononi, saa za kupimia sekunde, koni na makoti ya kuakisi mwanga, ili wanafunzi wahesabu magari kwenye makutano kila robo saa, kwa aina na kwa uelekeo, Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa zina msongamano wake, zisitumike kama kipimo.

Tunaomba kuwasilisha.