Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: naachia uhazini wa maji

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: KUJIUZULU UHAZINI WA JUMUIYA YA WATUMIA MAJI

Kuanzia leo mimi si mhazini tena. Barua rasmi imeshafika kwa mwenyekiti wa jumuiya. Hii naiandika hadharani kwa sababu hela zenyewe ni za watu: shilingi 50 kwa kila ndoo ya lita 20, zilizolipwa kwenye gati la kuchotea maji na akina mama wanaozifunga kwenye pindo la khanga.

Mwezi Mei nililetewa hati ya malipo iliyoandikwa "dharura". Nilijua fedha ile ni akiba ya matengenezo, na nilijua inakwenda kulisha wageni. Nikaambiwa itarudi baada ya mavuno. Nikasaini. Mavuno yamepita. Agosti mota ya pampu ikaungua, fundi akataka malipo ya awali, nikafungua daftari mbele yake na hapakuwa na cha kumpa. Tangu hapo watu wanafukua mchanga mtoni usiku, maana mchana foleni haiishi. Binti yangu wa darasa la sita anafika shuleni saa nne. Jirani yangu, mama mjane ambaye hajawahi kudaiwa hata ndoo moja, bado ananisalimia kama zamani, nami nashindwa kumtazama.

Wenzangu wananisihi nibaki, wakisema sikula hata senti. Ni kweli, sikula. Lakini Mzee Ali Hassan Mwinyi, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, hakumpiga mtu. Watuhumiwa waliteswa hadi kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, yeye akaiachia wizara. Mzee hakushika rungu. Mimi kalamu niliishika.

Naomba jambo moja, Mheshimiwa: asiwekwe mhazini mwingine kimyakimya. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu, wetu umeahirishwa mara mbili. Agiza uitishwe, na mkaguzi wa ndani wa halmashauri awepo. Daftari, hati na stakabadhi zote ninazo sandukuni, nitazileta mwenyewe. Nitakaa mbele, nitajibu kila nitakaloulizwa, na ile hati ya Mei nitaisoma mimi, kwa sauti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Aliyekuwa mhazini