Shangazi, ile meseji usiifute

Shangazi, shikamoo.

Nashukuru umeniruhusu niyaandike haya hadharani mradi nisikutaje jina. Walioipokea ile meseji yenye linki inayodai kampuni ya simu inagawa zawadi ni wengi, na wapo ambao hadi leo wanaisubiri.

Dada ameniambia tangu siku ile umenyamaza, kikoba huendi, unajiita mjinga. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Nimeukagua ule ukurasa. Una nembo ya kampuni yako ya simu na rangi zake zilezile. Anwani ya juu tu ndiyo haina uhusiano wowote na kampuni hiyo. Unawekewa maboksi tisa, unapewa nafasi tatu. Boksi la kwanza tupu, la pili "Hongera!" Nikarudia nikianza na boksi la mwisho: la kwanza tupu, la pili hongera. Yaani lolote utakalogusa, umeshapangiwa kushinda. Na wale watu wanaoshukuru chini yake, wenye picha na tabasamu? Bonyeza jina lolote, halifunguki. Ni maandishi yaliyobandikwa.

Kisha linakuja sharti la kusambaza kwenye makundi mpaka mstari wa kijani ujae. Hapo ndipo hasira zilinishika. Kina mama wa kikoba hawakumwamini tapeli, shangazi, walikuamini wewe. Heshima uliyoijenga kwa miaka mingi ya kutunza hela za watu, wameichukua bure wakaifanya mtaji wao.

Yule aliyekupigia akadai "ada ya kutolea zawadi", shilingi 35,000, akasisitiza usikate simu. Hakutaka upate hata dakika ya kumuuliza mtu. Mungu ambariki yule kijana wakala aliyekuuliza, "Mama, mbona jina lililokuja ni la mtu binafsi?" Jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri, na wengi wetu hatulisomi. Mshindi wa kweli hatumi hela ili apewe hela.

Sasa naomba mambo mawili. La kwanza, ile meseji itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, pamoja na namba iliyokutumia. Ukiifuta, huyo mtu ataendelea kuitumia laini ile kwa wengine. Halafu, kwa kuwa uliwajazia namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni husika ikafungwe. Mtu akitapeli kwa laini yenye jina lako, polisi wataanza kwako.

La pili ni zito zaidi. Rekodi sauti uitume kwenye kundi la kikoba leo hii, usingoje Jumapili. Maandishi watayapita, sauti yako wataisikiliza. Waambie linki ni ya matapeli, na atakayepigiwa simu asitume chochote. Yupo mama pale anayedunduliza ada ya mwanawe, na huenda simu yake italia kesho asubuhi.

Jumapili nitakuja twende wote kikobani. Atakayekucheka tutamjibu pamoja.

Mwanao.