Wasaidizi wa mtandaoni tulipwe kabla ya saa zetu kutumika

Kwa Mhariri,

Kila ninapoketi na vijana wanaotaka kuingia katika kazi ya usaidizi wa mtandaoni, swali lao la kwanza huwa ni wapi wateja wanapatikana. Ni nadra kumsikia anayeuliza mteja huyo atalipa lini, atatumia njia gani, na ada ya kutuma pesa itamwangukia nani. Huu ni mwaka wangu wa nne nikiifanya kazi hii hapa Nakuru. Ninawajibia baruapepe watu walio ng'ambo, ninawapangia ratiba za mikutano, ninawaandalia ankara na kuwakumbusha wadeni wao walipe. Nimefikia msimamo ambao ningependa kuutetea katika ukurasa wako: msaidizi anayefanya kazi moja kwa moja na mteja, bila jukwaa (tovuti inayowakutanisha wateja na wafanyakazi) linaloishika pesa katikati, alipwe kabla ya saa zake kutumika.

Msimamo huu sikuupata darasani. Katika mwaka wangu wa pili nilimpata mteja aliyekuwa California, ambako saa tatu asubuhi huwa kwetu ni saa moja au saa mbili usiku kutegemea majira, kwa hiyo nilikuwa nikifungua kipakatalishi watoto wakiwa wanaelekea kulala. Tulipatana dola 5 kwa saa, malipo mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza alilipa siku ileile niliyomtumia ankara, nami nikaona nimepata mtu. Mwezi wa pili nilimfanyia saa 62. Daftari ninalo hadi leo: saa 2:10 usiku hadi saa 3:25, kupanga upya mikutano sita, saa 3:40 hadi saa 5:00, kuondoa majina yaliyojirudia katika orodha ya wanunuzi wake. Nilipotuma ankara alijibu kwamba yuko safarini. Wiki iliyofuata akasema kadi yake ya benki ina tatizo. Kisha asubuhi moja nenosiri la sanduku la barua nililokuwa nikimhudumia likakataa, na hapo nikaelewa kwamba nimefungiwa mlango. Dola 310, ambazo kwa kiwango cha leo ni karibu Sh40,000, zikaenda hivyo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mteja anayelipa mwisho wa mwezi huwa amekopa, hata kama hakuna anayelitamka neno hilo.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikushtaki. Mteja angekuwa Mkenya ningeshtaki. Tunayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, ambayo hupokea madai yasiyozidi Sh milioni moja na inatakiwa kisheria kuyaamua katika siku 60. Mfanyabiashara wa hapa nchini anayemzungusha msaidizi wake kwa "nitakutumia kesho" anapaswa kulikumbuka hilo. Lakini hakuna anayevuka bahari kudai dola 310. Kwa wateja wa nje, ulinzi wetu wote uko kabla ya kazi kuanza, na ukishaanza kufanya kazi bila kulipwa huna tena cha kushikilia.

Majukwaa makubwa yalilielewa jambo hili mapema. Katika Upwork, kazi ya saa hupimwa na programu inayopiga picha ya skrini mara moja katika kila kipindi cha dakika 10. Wiki hufungwa Jumapili, mteja hutozwa, na fedha huweza kutolewa siku 10 baada ya wiki hiyo kufungwa. Kazi ya bei moja huwa na amana: mteja huweka fedha kwanza, msaidizi huwasilisha kazi, na mteja akinyamaza kwa siku 14 fedha huachiliwa. Ulinzi huo haupatikani bure. Mwaka 2023 jukwaa hilo liliweka ada ya asilimia 10 ya mapato ya mfanyakazi, ambayo tangu 2025 hutofautiana kwa mikataba mipya, na baada ya ada bado kuna gharama ya kuzifikisha fedha Kenya. Ndiyo maana wengi wetu, baada ya kupata uzoefu, hutamani kufanya kazi na mteja moja kwa moja. Hakuna ubaya wowote katika hilo, mradi tusiache ulinzi nyuma pamoja na ada.

Nizungumzie hapa desturi moja inayoniumiza moyo, nayo ni ya kukodisha akaunti. Kijana aliyenyimwa akaunti katika jukwaa hukodi ya mtu mwingine, akafanya kazi usiku kucha kwa jina lisilo lake, na malipo yote yakaingia kwa mwenye akaunti. Siku mwenye akaunti akiamua kutopokea simu, kijana hana ankara, hana mkataba wala rekodi hata moja yenye jina lake. Aidha desturi hiyo inavunja masharti ya majukwaa, hivyo hana pa kupeleka malalamiko. Nawasihi vijana waikatae hata njaa ikiwa kali.

Utaratibu ninaoutumia sasa ni wa kuuza saa kwa vifurushi. Mteja mgeni hununua saa 5 tu. Aliyezoea hununua 20 au 40 kwa mwezi. Saa zinapobaki mbili namwandikia kumjulisha na kumtumia ankara mpya, na zisipotumika zote hubaki zake hadi mwisho wa mwezi unaofuata. Kila Ijumaa anapokea nakala ya daftari langu, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na mteja aliyelipa mapema ana haki ya kujua kila dakika imekwenda wapi. Najua pingamizi linalotolewa: mteja atamwaminije mtu aliye mbali asiyemjua? Swali hilo ni la haki, na ndiyo sababu kifurushi cha kwanza ni kidogo. Dola 25 au 30 ni hasara ambayo mfanyabiashara anaweza kuibeba iwapo nitamhadaa. Mwezi mzima wa kazi si hasara ambayo mimi ninaweza kuibeba akinihadaa. Fundi wa nguo hapa mtaani huchukua arubuni kabla ya kugusa mkasi, na mwenye nyumba huchukua kodi mwezi ukianza. Hakuna anayewaona kuwa wakosefu wa adabu.

Njia ya kutuma pesa nayo iandikwe katika makubaliano. Tangu mwaka 2018 tumeweza kuhamisha fedha kutoka PayPal hadi M-Pesa, na urahisi huo umetusaidia sana, lakini msaidizi ajue kwamba mlipaji huwa na siku 180 za kufungua lalamiko kuhusu malipo aliyoyafanya. Rekodi za kazi zihifadhiwe muda huo wote, hata baada ya mkataba kwisha. Wise, huduma ya kutuma pesa kati ya nchi, hutuma shilingi moja kwa moja hadi M-Pesa. Malipo ya benki kwa benki kupitia SWIFT, mtandao wa benki wa kimataifa, hupita mara nyingi katika benki za kati, na kila moja inaweza kukata chake, hivyo ankara ndogo ya dola 60 hufika imechakaa. Mtumaji anaweza kuchagua kubeba gharama zote yeye mwenyewe, lakini hatafanya hivyo asipoombwa.

Kiwango cha kubadilisha fedha nacho kisisahauliwe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu Sh160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh129. Msaidizi wa dola 400 kwa mwezi alitoka kwenye Sh64,000 akajikuta na Sh51,600 bila kupunguziwa saa hata moja. Anayelipa kodi ya nyumba na karo kwa shilingi asiihesabu dola yake kwa kiwango cha juu alichowahi kukiona. Kuhusu ushuru niseme tu kwamba mapato haya yanapaswa kutangazwa kwa Mamlaka ya Mapato (KRA) kama mapato mengine, na ankara zilizopangwa vizuri huirahisisha kazi hiyo.

Mpango wa serikali wa Ajira Digital ulianzishwa mwaka 2016, na kupitia huo vijana wengi wamefunzwa kutafuta kazi mtandaoni. Ombi langu kwa wakufunzi wake, na kwa wengine wote wanaofundisha kazi hii, ni kwamba malipo yapewe nafasi yake katika mafunzo. Saa mbili zingetosha: moja ya kuandika ankara na masharti ya malipo, na nyingine ya kufanya mazoezi ya kumwambia mteja, kwa heshima na bila kutetemeka, kwamba kazi itaanza pesa zikishafika.

Msaidizi wa mtandaoni,
Nakuru