Kwa waandishi wa tamthilia wa Dar es Salaam

Wanangu,

Nasikia mnabishana: mwandishi hufanya kazi nzuri zaidi kwenye tamthilia ya mtu iliyokwisha kupata watazamaji, au kwenye hadithi aliyoibuni mwenyewe? Kwa maoni yangu iliyo bora hutoka kwenye ya kwako, ila mkono hunolewa kwenye ya watu.

Chukueni mama mwenye nyumba wa Mbagala ambaye watazamaji wamemzoea kwa ukali. Mwandishi mgeni anataka alainike, amsamehe mpangaji kodi ya miezi 3. Mtayarishaji anakataa, na ana haki, maana ukali huo ndio utakaobeba vipindi 50 vijavyo. Basi mwandishi anatafuta upenyo. Mama anaihesabu kodi yote, noti kwa noti, anaifunga kwenye pindo la kanga, kisha anaondoka akiacha mfuko wa unga kizingitini bila kusema neno. Kesho atadai vilevile, lakini moyo wake tumeshauona. Ufundi huo huja upesi ukibanwa na mhusika usiyemmiliki.

Kumalizia hadithi hamtajifunza huko. Tamthilia ndefu huishi kwa kutofika, hivyo mtu anaweza kuandika miaka 3 asifunge kisa hata kimoja. Ndiyo maana miswada yenu wenyewe inakwama ukurasa wa 60: kila mkibanwa mnaongeza tatizo jipya, na lile la kwanza bado linadai. Andikeni onyesho la mwisho kwanza, hata nusu ukurasa. Kisha kurasa 10 kila wiki. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo rasimu ya filamu ya dakika 90 inakamilika kwa wiki 9.

Kuazima umbo si aibu. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya wa Zanzibar, alimtazama Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, akatoka na mpelelezi wake Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, lakini Mzanzibari mtupu kwa maneno na mienendo.

Kabla ya kusaini mkataba, tafuteni kifungu kinachosema wahusika mtakaowabuni watakuwa wa nani. Kama hakipo, ombeni kiandikwe. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 hailindi wazo tupu. Inalinda kazi iliyokwisha kupewa umbo, kama vile maandishi. Kwa hiyo mhusika unayempenda mno usimmwage kwa mdomo kwenye kikao cha waandishi. Mwandike kwanza, kurasa 5 zenye tarehe, umweke kwako.

Wasalaam,
Mzee wenu