Mgonjwa wa sindano ya mzio asiondoke kabla ya nusu saa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonitia wasiwasi, nalo ni wagonjwa wanaochomwa sindano za mzio kuondoka kliniki papo hapo, ama kwa kuwa wana haraka au kwa kuwa hakuna aliyewaambia wasubiri.

Tiba yenyewe ni ya siku nyingi. Daktari Leonard Noon alichapisha majaribio yake ya chavua huko London mwaka 1911. Mgonjwa huchomwa kiasi kidogo cha kitu kilekile kinachomdhuru, kiwe chavua, utitiri wa vumbi au sumu ya nyuki, na dozi hupandishwa hatua kwa hatua kwa miezi kadhaa, kisha huendelea takriban kila mwezi kwa miaka 3 hadi 5, hadi mwili ukizoee. Kwa kuwa kinachoingizwa ndicho mwili unachokikataa, hakuna sindano hata moja katika safari hiyo inayostahili kuchukuliwa kijuujuu, hata kama zote zilizotangulia zilipita salama.

Uvimbe na mwasho pale ilipochomwa ni jambo la kawaida. Madhara makubwa ni nadra, lakini yanapotokea, mara nyingi huanza ndani ya dakika 30: viganja kuwasha, chafya zisizokoma, koo kukaza, kifua kubana, kizunguzungu. Aliyeketi kwenye benchi la kliniki atachomwa adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, mara moja kwenye msuli wa paja, upande wa nje, ilhali aliyekwisha kupanda basi hana wa kumsaidia. Wapo wanaojiliwaza kwamba wana vidonge vya mzio mfukoni. Vidonge hivyo haviwezi kushika nafasi ya adrenalini.

Wauguzi nao wana wajibu kabla ya kushika bomba la sindano, na kwa maoni yangu hapa ndipo tunapozembea zaidi. Mgonjwa aulizwe sindano iliyopita ilimfanyaje, kama ana homa, kama ameanzishiwa dawa mpya, hasa zile za presha za kundi la beta-bloka, ambazo huweza kudhoofisha kazi ya adrenalini. Mwenye pumu apimwe nguvu ya pumzi, na ikiwa pumu haijatulia, sindano iahirishwe bila kuona haya. Aliyekosa miadi asichomwe dozi iliyofuata kana kwamba hakukosa, kwani huenda ikabidi ipunguzwe. Jina na nguvu ya dawa visomwe kwenye kichupa mbele ya mgonjwa mwenyewe, maana kuchukua kichupa cha mwingine ni kosa linaloweza kuua.

Naziomba kliniki ziandike saa ya sindano kwenye kadi ya mgonjwa, na asiruhusiwe kuondoka mpaka muuguzi amekagua mkono wake na kutia sahihi.

Msomaji wako.